Jogoo wa Gordon Ouma

Muhuri wa arobaini na moja katika pasipoti ya Gordon Ouma ulipigwa uwanja wa ndege wa Amsterdam Jumatatu, tarehe 11 Machi 1996. Gordon ana miaka arobaini na minne. Kazi yake ni kuwauzia wanunuzi wa Ulaya minofu ya mbuta, yaani sangara, kwa niaba ya kiwanda kimoja cha samaki mjini Kisumu, na kila baada ya wiki tatu hivi huwa safarini.

Kwao ni Kisian, kando ya barabara ya Busia. Anapanga mjini na mkewe na watoto; huko kwao hana nyumba. Kuna kibanda alichojenga akiwa kijana ndani ya boma la marehemu baba yake, na mchwa wamemaliza mlango. Gordon ndiye kifungua mimba, na kwa desturi ya Wajaluo mdogo hatoki kuanzisha boma lake kabla mkubwa hajatoka. Kwa hiyo mdogo wake, Dishon, anaishi na mkewe Lornah na watoto sita katika chumba kimoja, akimsubiri. Amesubiri miaka tisa.

Jumapili ya tarehe 24 baba yao mdogo, Mzee Nicodemus, aliwaita wote. Gordon alifika na chokoleti na hadithi.

"Huko Antwerp," alianza kabla chai haijamiminwa, "niliingia kula asubuhi hotelini, nikasalimia watu wote kwa mkono, meza kwa meza, kama hapa nyumbani. Watu thelathini na wawili! Mhudumu akaniuliza ninagombea kiti gani."

Alicheka peke yake, akaendelea. Hamburg alivuka barabara tupu taa ikiwa nyekundu. Bibi kizee akamfokea mpaka akarudi alikotoka, akasimama upya. Vigo, Uhispania, aliletewa samaki asiye na kichwa. Akaomba kichwa chake, na mpishi akatoka jikoni akidhani ameshtakiwa.

"Kichwa ungenitafuta mimi, shemeji," Lornah alisema. Yeye huuza mgongo wazi katika soko la Kondele, yale mabaki ya kichwa na mifupa baada ya viwanda kukata minofu. "Nyama unawapelekea Wazungu. Vichwa nakaanga mimi, na mvua ikinyesha nalala navyo, kwa sababu hakuna pengine pa kuviweka."

Gordon akatoa ramani ya nyumba mkobani.

"Nimeshapanga, Baba. Fundi ataanza Jumamosi. Ijumaa nasafiri kwenda Brussels, lakini Absalom, binamu yetu, atabeba jogoo kwa niaba yangu."

Kosa lilikuwa hapo. Anayeanzisha boma hutoka mwenyewe alfajiri, jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza na shoka, mkewe na moto. Kibanda cha kwanza husimamishwa siku hiyo hiyo, na mume na mke hulala humo. Kazi hiyo haina wakala.

"Absalom atalala na mke wako pia?" Dishon aliuliza.

"Chunga mdomo, omera," Gordon alimwambia mdogo wake.

"Nichunge nini? Kila mwaka unakuja kutuchekesha. Mtoto wangu wa mwisho ameniuliza leo huyu mgeni anaitwa nani."

Mzee Nicodemus hakuinua sauti. "Gordon, ukipanda ndege Ijumaa, Jumamosi nitamtoa Dishon. Nitakuruka, na nitasema mbele ya watu kwa nini."

Mkubwa aliyerukwa huhesabiwa kama maiti. Mtoto wake akiugua, kijiji chote kinajua sababu.

Gordon alicheka kidogo, kama anayesubiri mzaha uishe. Haukuisha. Akakunja ramani.

"Wanunuzi hawatanisubiri, Baba."

"Hata mimi," Dishon akasema.

Gordon alipokuwa akiondoka, Lornah alimfuata hadi kwenye gari na kumrudishia chokoleti.

Jumatano Gordon alirudisha tiketi. Kiwanda kinamtuma mtu mwingine Brussels, na hakijamwambia kama safari itakayofuata ni yake. Yeye na Dishon hawajasemezana tangu Jumapili. Jumamosi alfajiri atatoka katika boma la baba yake akiwa na jogoo, mkewe na mwanawe nyuma yake, atalala siku nne katika kibanda kipya kama desturi inavyotaka, na siku ya tano Dishon ataanza kukata nguzo za boma lake mwenyewe.