Safari Saba za Des Pybus

Hapa kwenye klabu ya mashua ya Kettering mimi ndiye ninayekaa redioni, na kanuni ni moja: kabla hujatoka na mashua, niambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Des Pybus, fundi bomba mstaafu, aliitii kuliko wote. Aliniaga kwanza, ndipo aende kufungua kamba.

Hapo kwenye kamba ndipo mambo yalipoharibika. Desemba aliniaga anakwenda Kisiwa cha Bruny, tanga likachanika wakati wa kulipandisha. Januari injini ikagoma. Wiki iliyofuata maji yakapwa, mashua ikakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia. Lakini kila mara, saa aliyoahidi ilipofika, alikuwa redioni.

"Glenys, nimerudi salama. Hakuna tatizo."

"Mzee, mlingoti wako nauona dirishani tangu asubuhi."

"Basi si unaona nimerudi? Andika."

Nikaandika. Kazi yangu ni kuandika, si kubishana na watu wazima.

Machi klabu ikatoa kikombe cha kiangazi, cha nahodha aliyesafiri mara nyingi zaidi bila kuvutwa na mashua ya uokoaji. Wakafungua daftari langu. Wenzake wote walikuwa wamevutwa. Des alikuwa na safari saba, zote amerudi kwa wakati.

Alikipokea bila haya. "Siri ni maandalizi," akatuambia, nasi tukapiga makofi.

Nikamsindikiza gatini na kikombe chake. Kamba ya mashua ilikuwa imeota kome wa kutosha chakula cha jioni.