Dizeli ya Baba Mdogo

Mtanicheka, na ni haki yenu. Miaka ile baada ya vita, ugonjwa ulipokuwa ukiingia kila nyumba, ukoo wetu wa kijiji cha Ijumbi ulinituma Bukoba kununua gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, tuwafikishe wagonjwa hospitali. Kikaoni nilikuwa nimewahubiria: dizeli tu, petroli itatushinda kwa bei. Mjini nikalipenda gari moja la kijani. Lilikuwa la petroli. Nikalinunua.

Nyumbani dada yangu Koku, aliyekuwa mgonjwa, aliniuliza, "Ni la dizeli, kaka?"

"Kama nilivyoahidi," nikajibu. Niliazimia kujaza mafuta mwenyewe siku zote, mtu asijue.

Asubuhi ya safari, majirani walijaa uani kumuaga Koku, aliyelazwa kwenye godoro nyuma ya gari. Baba mdogo, Ta Rwegasira kama tunavyowaita wazee kwa heshima, akaja na dumu begani.

"Dizeli ya mashine yangu ya kusaga," alisema. "Wiki hii watu watatwanga kwa mikono. Mtoto wetu afike."

Akafungua tangi, akainamisha dumu. Nilitamani kunyamaza. Lakini Koku alikuwa akimtazama mzee kwa shukrani, nikashindwa.

"Baba, usimimine! Gari ni la petroli!"

Baba mdogo akalisimamisha dumu, akanikodolea macho. Kisha kutoka godoroni nikasikia kicheko cha Koku, ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue.

"Kaka," alisema akijishika mbavu, "na mimi niliwaambia wote kwamba magari unayajua!"