Wanasesere wa Kaari na Kikombe cha Chai

Kaari akitazama katuni hatazami kama binadamu wengine. Wewe na mimi tunafuata hadithi, tunacheka, tunangoja mbaya apigwe. Yeye anasimamisha simu, anarudisha nyuma, anasimamisha tena, mpaka unatamani kumpokonya. Ni binti wa baba yangu mdogo, marehemu. Tumekulia boma moja hapa Githongo, na sasa yuko mwaka wa pili wa diploma ya sanaa ya kidijitali mjini Meru, upande wa Kaaga. Mimi yangu niliiacha katikati, kwa hivyo nina muda wa kumcheka.

Siku moja tukichuma kahawa alinieleza aina zote, na sikuwa nimeuliza. Kuna zile za kuchorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na ukiangalia vizuri mistari inatetemeka kidogo kama mtu anayepumua. Kuna za kompyuta, ambazo maji yake unaweza kuapa yatakulowesha, lakini nyuso za watu zinang'aa kama sufuria iliyowekewa wageni. Kuna picha za miraba midogo, ambazo anazifananisha na sweta: ukikaribia unaona nyuzi tu, ukirudi nyuma unaona maua. Yeye mwenyewe huchora kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na amejifunza kuupitisha mstari kando ya ufa.

Lakini anayoipenda kuliko zote ni ya udongo. Unafinyanga mtu, unamsogeza kidogo, unapiga picha. Unamsogeza tena, unapiga. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja.

"Ni hii peke yake," aliniambia, "ukiangalia shavu la mtu unaona alama ya kidole cha aliyemtengeneza."

Alisema hivyo kama mtu anayesifia nyama choma. Sikujua hayo maneno yatakuja kunitoa jasho.

Kazi yake ya mwisho wa mwaka ilikuwa filamu ya dakika mbili: asubuhi ya kupeleka kahawa kiwandani, majirani wamepanga foleni. Watu kumi na mmoja, kila mmoja urefu wa kiganja. Udongo aliutoa mtoni, akaukanda na mafuta ya kupikia na nta ya mishumaa ili usipasuke. Mifupa ikawa waya wa kufungia fensi. Nguo zikatoka kwa Gladwell, fundi wa cherehani pale sokoni, ambaye humwachia vipande vinavyobaki. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu Gladwell ndiye anayekishonea nguo kilima chote hiki. Kipande kilichobaki cha gauni lako ni gauni lako. Kaari hakufikiria hivyo. Yeye aliona rangi tu, akafurahi kwamba mzee wetu wa mtaa, Salesio, hata akiwa wa udongo amevaa shati la Salesio.

Jumanne moja mchana mvua ilimkamata Cucu Ciakuthii akitoka shambani, akaingia jikoni kwetu kujikinga. Cucu kwetu ni bibi, na huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane, sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na tangu Machi mguu wake wa kushoto ulikuwa unamsumbua hadi akaanza kutembea na fimbo. Mama Kaari akammiminia chai. Cucu akainua kikombe, akainua na macho, kama mtu anayetaka kushukuru kwanza. Juu ya moto kuna ule uchaga wa kukaushia kuni, na juu ya uchaga Kaari alikuwa amewapanga watu wake.

Cucu akajiona. Gauni la kahawia lenye maua ya manjano, lile lile. Kitambaa cha kichwa, kile kile. Na mguu wa kushoto wa udongo, ambao wiki ile ulikuwa umekatika na Kaari akaupigilia waya mpya, ncha yake imetokeza kwenye goti.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Aliteremsha kikombe polepole, akakiweka chini kabla hakijagusa mdomo, akachukua fimbo yake akatoka kwenye mvua.

Kwa mtu wa mbali hilo si neno. Huku kwetu, mtu akikataa chai yako ameshasema, ila hajatamka. Na likishatamkwa, haliondoki. Kuna boma chini ya barabara ambalo lilitamkiwa kabla sijazaliwa, na mpaka leo mabinti wa pale hawaposwi, na watu wakipita wanaharakisha. Tulichokuwa tunaogopa ni hicho: Kaari aitwe mrogi mara moja tu, hadharani, na mtu mzima.

Jumatano mama anayetuletea maziwa alikataa hata maji. Kikundi cha akina mama, kilichopaswa kukutana kwetu Jumamosi, kikahamishwa kwa sababu ya matope, na mvua haikuwa imenyesha tena tangu Jumanne. Gladwell akatuma neno kwamba vipande vimekwisha. Mimi nami, ambaye mdomo wangu hauna breki, nilienda kwenye kinu kusaga mahindi, wakaniuliza huyu dada yako anasomea nini hasa. Nikawajibu kwamba ana watu kumi na mmoja ndani ya sanduku, anawafanya anavyotaka, na wakizidi maswali nitamwambia aongeze. Hakuna aliyecheka. Salesio alichukua unga wake akahamia benchi lingine. Nilirudi nyumbani mgongo ukiniwasha, kila hatua nikihisi kuna mtu nyuma.

Mama Kaari alisema wachomwe, basi. Alikuwa hajala siku mbili. Kaari alikuwa amekaa na sanduku mapajani, na filamu ilikuwa imebakiza siku tisa, lakini hakutaja filamu.

"Mama, nikimchoma, halafu mguu wake uzidi?"

Kumtupa mtoni, vivyo hivyo. Kumzika, usiseme. Watu kumi na mmoja walikuwa wakitutazama, na hatukuwa na la kuwafanya.

Mwishowe nilitumwa kwa Salesio nimwombe amlete Cucu Jumapili baada ya ibada, aonyeshwe kazi yenyewe. Salesio alifikiri sana. Kisha akaniambia, "Mutuma, nitamleta. Lakini wewe siku hiyo usifungue mdomo."

Wakaja. Cucu na Salesio waliingia, akina mama wa kwaya wakabaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nyuma yao, penye mikahawa, walisimama wanaume wanne wa kule kwenye kinu. Mmoja alikuwa na jerikeni la lita tano. Huenda lilikuwa la maziwa, huenda la petroli. Sikuuliza.

Mama Kaari akamimina chai. Cucu hakuitazama. Kaari akaweka meza karibu na dirisha, akaifunga simu kwenye mgongo wa kiti kwa mpira wa tyubu, akamtoa yule mwanasesere akamsimamisha.

"Huyu ni nani?" Cucu akauliza.

Nilikuwa nimemfundisha ajibu kwamba ni mwanamke yeyote tu.

"Ni wewe, Cucu."

Nikafumba macho. Cucu akainama mpaka pua ikakaribia udongo. "Na hizi alama usoni mwangu?"

"Ni vidole vyangu."

Mlangoni watu walisogea wote kwa pamoja, na nikasikia jerikeni likiwekwa chini. Lilitoa sauti ya kitu kilichojaa.

"Toa hiyo waya," Cucu akasema.

Kaari akachukua koleo. Akaikosa ile ncha mara mbili. Kisha akaivuta yote, ndefu kuliko nilivyodhani, ikatoka na udongo kidogo. Mwanasesere alibaki amesimama, kama anayefikiria, halafu akaanza kuegemea upande wa kushoto. Cucu aliiachilia fimbo ikaanguka, akamdaka kwa kidole gumba na cha shahada kabla hajafika mezani.

Sasa kila mtu alikuwa anatazama goti, si la udongo. Cucu mwenyewe alilitazama. Akauinua mguu polepole, akaukanyagia, akauinua tena. Mimi nilikuwa naomba, na sikujua naomba nini. Ukipona tumekwisha.

"Unauma tu," akasema. "Vile vile kama jana."

Sijawahi kufurahia maumivu ya mtu namna ile. Salesio akapumua kwa nguvu. Mama mmoja mlangoni akaingiza mguu wa pili.

Kaari, machozi yakimtoka, hakuyapangusa. Alisema kwa sauti ndogo, "Usimwachilie, Cucu. Msogeze mbele, kidogo tu." Akapiga picha. Cucu akamsogeza, kwa sababu angefanyaje, alikuwa ameshamshika. Wakaenda hivyo mara ishirini na nne. Kisha Kaari akafungua simu kwenye kiti akaiweka mbele yake, na pale kwenye kioo kilichopasuka Ciakuthii mdogo alitembea sekunde mbili kuelekea kiwandani, na kidole gumba kikubwa cha mkulima kimemshika mgongoni.

Cucu alitazama mara tatu.

"Mbona hana fimbo?"

"Sikumtengenezea."

"Mtengenezee. Na urudishe hiyo waya, mkono umechoka."

Akaketi. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Akausukuma kando kwa kidole, akanywa yote, mbele ya watu, hadi akageuza kikombe. Nilipotazama nje wanaume hawakuwepo, na jerikeni halikuwepo. Mpaka leo nikipita kwenye kinu nakohoa kwanza, ili wajue ni mimi.

Filamu ilipelekwa kwa wakati. Mwalimu alitaka zile sekunde mbili za kidole zikatwe. Kaari akakataa, akapunguziwa alama, akasema sawa.

Ila Cucu alitoa sharti moja kabla hajaondoka siku ile: huyu halali nyumba ya watu. Akamfunga kwenye leso akaenda naye. Kwa hivyo siku zote zilizobaki Kaari alivuka kijito kila asubuhi kumchukua na kila alasiri kumrudisha, nami nikimsindikiza, kwa sababu Mama Kaari hakutaka aende peke yake. Na kila tukifika Cucu alitukaribisha, akaweka vikombe viwili mezani, akaketi mkabala nasi, mikono juu ya fimbo, akingoja aone ni nani sasa atakayekataa chai.

Kaari alikuwa akikitazama kikombe kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa na adabu. Kisha anakunywa. Mimi nilikuwa nangoja nione yeye amemeza, halafu nanywa nusu.