Aliyesaini Atangulie

Dada yangu kazi yake ni kupima programu zinazoendesha lifti. Ofisini wanamwita Kisiki cha Mpingo: ukimpiga teke, kidole ni chako.

Juzi bosi alimletea fomu ya kuthibitisha kuwa programu mpya ni salama. "Saini, dada. Wateja wanasubiri."

"Kwenye majaribio mia, programu imesahau kufunga breki mara mbili. Sisaini."

"Mara mbili tu!"

"Na watakaokuwemo ndani mara hizo mbili, ni magunia? Kiapo cha kazi hii nilikila kwa mdomo wangu."

Bosi akafura, akasaini mwenyewe, akaamuru programu ianze na lifti ya jengo lao. Saa ya kutoka akamkuta dada mlangoni mwa lifti, amezuia watu wote.

"Mpisheni bosi. Aliyesaini atangulie."

Bosi alishuka ghorofa saba kwa ngazi.