Ngatia na Maziwa ya Watiri

Kwa miaka ishirini na sita kazi ya Ngatia ilikuwa kukataa maziwa ya watu. Alisimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nje kidogo ya mji wa Nyeri, amevaa koti jeupe, akitumbukiza kipimo cha kioo ndani ya kila mtungi. Kipimo kikizama kupita kiasi, alisema, "Hii imeongezwa maji. Rudisha." Hakuinua sauti. Watu walimwogopa kuliko chifu, kwa kuwa chifu unaweza kuzungumza naye.

Alistaafu, na mwaka uliofuata daktari akaona uvimbe wa saratani kwenye utumbo wake mpana. Ukakatwa. Kisha akaandikiwa dawa ya kutundikiwa kwenye mshipa, mara nane, kila baada ya wiki tatu. Ngatia aliyasikiliza hayo kama mtu anayesomewa ratiba ya basi la mji asikokwenda. Baada ya dawa ya tatu tumbo likaanza kuendesha, mara tano, mara saba kwa siku. Risper, nesi wa kliniki, mzaliwa wa Siaya, alimpima uzito, akamtaka atoe ulimi.

"Mzee, umepoteza kilo nne, na ulimi umekauka. Ukija hivi Jumanne ijayo, daktari hatakuwekea dawa. Na tukianza kuruka, ile kitu inapata nafasi ya kurudi."

"Sawa, sista."

"Sio sawa. Sikia."

Akamwambia: pakiti moja ya ile dawa ya unga ya chumvi na sukari kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, anywe kidogo kidogo, na glasi moja kila akitoka chooni. Ale wali mweupe, ndizi mbivu, viazi vilivyomenywa, kuku bila ngozi, kidogo lakini mara nyingi. Aache maharagwe, mboga za majani, mafuta na kahawa. Tembe za kufunga tumbo ameze kama zilivyoandikwa. Akipata homa au akiona damu, asingoje Jumanne.

"Na maziwa, mzee. Hata ya kwa chai. Kwa sasa achana nayo."

Murugi, mkewe, alisoma karatasi hiyo mara mbili. Ukiondoa maharagwe, majani na maziwa kwenye mapishi ya Nyeri, kinachobaki ni sahani. Hata hivyo alipika, na kufikia Alhamisi Ngatia alikuwa akienda chooni mara tatu tu kwa siku.

Ijumaa wakaja akina mama wa kanisa lao, ambako Ngatia alikuwa mzee wa kanisa. Mgonjwa huku haendewi mikono mitupu, na mbele yao alikuwa Watiri, jirani, na maziwa ya ng'ombe wake yaliyochemshwa. Zamani Ngatia aliwahi kumrudishia mtungi mara tatu kwa mwezi mmoja, foleni nzima ikitazama. Hakuna aliyesahau. Watiri akajaza kikombe, akampa Ngatia.

"Kunywa, Baba Mwai. Hii haina maji."

Wenzake wakacheka kidogo. Ngatia akanywa, akaongezwa, akanywa tena. Murugi alimtazama kutoka mlangoni.

Kufikia Jumamosi alasiri alikuwa ameenda mara tisa.

"Ulikunywa ya nini?" Murugi akauliza.

"Ningesema nini?"

"Ungesema hapana. Si ulikuwa unalipwa kusema hivyo?"

Murugi akampigia Risper simu. Risper alisema arudie maji ya pakiti, glasi kila akitoka, na akisikia kizunguzungu aletwe. Maji yale yana ladha ya jasho la mtu mwingine. Ngatia aliyanywa akitazama ukuta. Hakuogopa. Alijaribu kuogopa, kwa kuwa ndilo lililotarajiwa, akaona ni kazi nyingi.

Jumapili baada ya ibada Watiri alirudi peke yake na maziwa mengine. Alipoinamisha mtungi, Ngatia alifunika kikombe kwa kiganja.

"Siwezi, Watiri."

"Ati nimeweka maji tena?"

"Ni tumbo. Dawa ya hospitali imeniharibia tumbo, naendesha. Jana mara tisa. Nikifika Jumanne hivi, hawaniwekei dawa."

Mzee wa kanisa hasemi maneno kama hayo mbele ya mama wa kanisa. Watiri alirudisha kifuniko polepole.

"Kwa hivyo ile ya Ijumaa..."

"Ilikuwa nzuri. Ilinimaliza."

"Na ulikunywa ukijua?"

"Ilikuwa yako. Ningekurudishia tena mbele ya watu?"

Watiri akafikiria. "Ile ya zamani, Baba Mwai, ilikuwa na maji."

"Najua."

"Haya. Hupewi maziwa. Unapewa nini?"

Akaingia jikoni na Murugi, wakachemsha mchele ukavurugika kuwa uji, chumvi kidogo, basi. Watiri alikaa hapo mpaka bakuli likaisha, kijiko kwa kijiko, kisha akabeba maziwa yake akaenda. Kesho yake aliwapitia wenzake nyumba kwa nyumba kuwaambia nini kisipelekwe kwa Ngatia. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua habari za choo chake.

Jumanne Risper alimpima. Nusu kilo ilikuwa imerudi.

"Jana mara ngapi?"

"Mbili."

Akautazama ulimi, akapeleka damu ipimwe, akarudi na karatasi. Daktari alikuwa ameweka sahihi.

"Kaa kwa kiti, mzee. Lete mkono."

Dawa ya nne ikaanza kushuka, tone kwa tone. Ngatia aliitazama, akangoja ahisi kitu, kisha akaomba glasi ya maji.