Aliyezikwa kwa Mgomba

Siku hiyo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, ukungu umekaa juu ya Newala nzima, na sisi tunapanda kutoka bondeni na maji. Ninyi mnafungua bomba, mnalalamika presha ndogo. Sisi maji yalikuwa chini kabisa, kwenye chemchemi, na kijiji kiko juu. Njia ya kupandia ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Unakanyaga alipokanyaga mwenzako. Wanaume hatukuwa tukibeba maji, lakini mama yangu alikuwa anaumwa mgongo, na mimi sijawahi kuona haya ya kazi. Shule niliingia kwa mlango wa mbele nikatokea wa nyuma, lakini nilikuwa na shamba langu la mikorosho kabla sijaota ndevu vizuri. Hilo naomba ulijue.

Basi tunapanda, wanawake mbele na nyuma yangu. Nikasikia nyayo za mtu asiye na mzigo. Mtu mwenye maji kichwani ana mwendo wake. Huyu alikuwa anakuja mwepesi, na hatoi salamu. Wa nyuma yangu akageuka. Akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka meno yananiuma, mtungi wake ukapasuka kwenye mwamba. Nikageuka na mimi. Nikamwona Mjomba Chinduli anatoka kwenye ukungu, kichwa kimenyolewa, macho yameingia ndani.

Tatizo ni kwamba Mjomba Chinduli tulikuwa tumeshamzika.

Nikueleze. Wakati ule wanawake wa kwetu walilazimishwa kubeba maji kwanza kwenda boma, kwa Wazungu na kwa liwali, ndipo warudi bondeni kuteka ya watoto wao. Mjomba, ndugu wa mama yangu tumbo moja, akasimama barazani akasema, "Mwenye kiu ashuke." Maneno hayo tu. Wakamfunga, wakampeleka pwani. Msimu ukapita, tarishi wa liwali akaja kututangazia kwamba mtu wetu amekufa huko kwa homa. Maiti hatukupewa. Sisi basi tukafanya kama walivyofanya wazee kwa mtu aliyefia mbali: tukakata mgomba urefu wake, tukauvisha sanda, tukaulaza kaburini. Mkewe, Mama Zuhura, akavaa kaniki nyeusi ya eda. Na mimi mpwa wake mkubwa nikapewa jina lake. Kwa kawaida yetu jina la marehemu halilali nje. Nikawa Chinduli. Watoto wake wakaniita baba, na kiti chake nikakikalia.

Sasa yule pale njiani, ananitazama usoni.

Alifungua mdomo. Halafu akageuka nyuma, akaufunga. Wanawake walishatimua mbio. Mimi miguu ilikataa kwa muda, kisha ikakubali, nikakimbia. Sikuona haya, na wewe ungekimbia.

Alipofika kijijini watu walijaa uwanjani wote. Hakuna aliyemsogelea. Wakamwuliza, "Wewe ni nani?" Kimya. "Umetoka wapi?" Kimya. Akawa anatembeza macho tu kutoka uso hadi uso. Pale ndipo neno likaanza kupita chini chini: msukule. Ukitaka kujua, watu husema msukule ni mtu aliyechukuliwa kichawi akakatwa ulimi, anafanyishwa kazi mashamba ya watu na kulishwa pumba. Na huyu hasemi. Kikongwe mmoja akaleta pumba kwenye kata, akaiweka chini mbele yake, akarudi kinyumenyume. Mjomba aliitazama ile pumba nikaona midomo inamtetemeka.

Mama Zuhura alikuwa ndani, amefunga mlango. Akasema kupitia mlangoni, "Kama ni mume wangu, ataniita."

Hakumwita. Jua lilipopanda ukungu haukuondoka, na yeye akaondoka kuelekea makaburini.

Kesho yake nilimfuata peke yangu. Usinisifu, lilinipeleka jina. Huwezi kula na kulala na jina la mtu na mwenyewe anazurura. Nilimkuta amekaa kwenye kaburi lake, anang'oa majani kama mtu anayesafisha uwanja wa nyumbani.

Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu. Sauti yake ilikuwa ile ile. "Unaitwa nani siku hizi?"

Nikamwambia, "Chinduli."

"Na mimi?"

Nikalitazama lile kaburi.

"Basi hapa mmoja wetu amezidi," akasema, akacheka, na kile kicheko ndicho kilichonirudishia roho, maana msukule hacheki. Nikamwuliza kwa nini jana alitunyamazia, watoto wake wamelia usiku kucha.

"Mko wengi," akasema. "Mkiwa wengi sina ulimi."

Akanieleza. Bomani kulikuwa na Bwana Shauri mpya, Mzungu mkuu wa wilaya, na mapipa yake yalikuwa makavu, kwa sababu wanawake wa Mkunya, kijiji jirani, walikataa kubeba maji, na baadhi yao wamefungwa. Bwana Shauri akaona afadhali azungumze na mtu ambaye watu watamsikiliza. Akamtoa Mjomba gerezani, akamwambia: nenda kawaulize watu wako watakubali nini, uniletee jibu kwenye baraza siku ya Ijumaa. Lakini nikisikia umehutubia mkusanyiko kabla ya siku hiyo, unarudi ulikotoka. Na akamtuma tarishi amfuate.

"Niwaulize, lakini nisiwakusanye," Mjomba akasema. "Kila nikisimama mnanikusanyikia wenyewe, mnanitazama kama ng'ombe wa mnadani! Nikisema neno moja, yule pale ananipeleka pwani." Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye ukungu, mbali kidogo, kofia nyekundu ya tarishi ilikuwa inaelea kama haina mtu chini yake.

"Na ile habari ya kufa?"

"Alikufa tuliyelala naye chumba kimoja. Kama walikosea au walikusudia, kawaulize wao." Mpaka leo sijui, mwanangu.

Nilikwenda kwa Mama Zuhura nikamwambia yote kupitia mlango ule ule. Akavuta komeo. Kisha akafungua. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, hana maneno ya akiba. Akasema, "Kwa hiyo asipokubalika kuwa hai, Ijumaa liwali ndiye atasema badala yetu, na wale wa Mkunya wanabaki ndani."

"Ndiyo."

"Na kukusanyika hatuwezi." Akachukua mtungi wake. "Lakini njiani hatukusanyiki. Njiani tunafuatana."

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito hata mkono wako huuoni. Mama Zuhura alikuwa amepita nyumba kwa nyumba usiku uliotangulia, na wanawake wakashuka bondeni kama siku zote. Wakati wa kupanda Mjomba akawa wa mwisho. Mbele yake niko mimi. Mbele yangu Mama Zuhura, bado na kaniki yake, na mbele yake kijiji kizima, mmoja mmoja mpaka juu kileleni, ambako tarishi alikuwa amekaa kwenye jiwe anahesabu uvivu wake.

Mjomba akaniambia mgongoni, taratibu, "Mimi Chinduli, sijafa."

Niliyashika maneno yale nikashindwa kuyapeleka mbele. Maana jina nilikuwa nalo mimi. Nikilitoa, nabaki na lipi? Lakini nikamwambia Mama Zuhura kama nilivyoambiwa: "Mimi Chinduli, sijafa." Nikasikia pumzi yake imekatika. Halafu akampa wa mbele. Na wa mbele akampa wa mbele yake.

Mwanangu, yaliyofuata sina namna ya kukuonyesha. Watu huwaoni. Unasikia sauti tu zinapanda kwenye ukungu. "Mimi Chinduli, sijafa," kwa sauti ya kikongwe asiye na meno. "Mimi Chinduli, sijafa," kwa sauti ya binti mdogo. Kwa sauti ya mjamzito anayehema. Kila mmoja anasema "mimi". Kadiri zilivyokwenda juu zikawa nyembamba, mpaka hujui tena kama ni watu au ni mwamba unasema. Mjomba nyuma yangu alikuwa analia, nasikia.

Huko juu tarishi akapiga kelele, "Nani anaongea?"

Wakamjibu kila mahali, juu na chini ya njia: "Chinduli!"

Waliokuwa karibu naye walisema alivua kofia, akakaa chini ya lile jiwe, akaomba maji.

Kisha maneno yakaanza kushuka. Mjomba aliuliza mnakubali nini, na majibu yakaja mdomo kwa mdomo. Wenzetu wa Mkunya watoke. Maji ya boma tusibebe tena. Nikafurahi. Halafu likashuka jingine: ya hospitali tutabeba, ila zamu tupange wenyewe, asije tarishi kutuhesabu.

Nikageuka nikamwambia Mjomba, "Hospitali ni ya nani, si ya Mwingereza huyo huyo? Wasipewe hata tone!"

Nikajibiwa kutoka kwenye ukungu, na kwa ukali ambao hata gereza halikuuondoa. "Na wanaolala humo ni wa nani? Waingereza? Mama yako na mgongo wake atalala wapi? Wewe unataka kumkomoa mtu, mimi nataka kuondoka na kitu. Peleka neno kama lilivyokuja, mpumbavu wewe."

Nikalipeleka. Nimeitwa mpumbavu na watu wengi, wengine wamesoma mpaka Ulaya. Ni yule tu aliyenisaidia.

Asubuhi ya Ijumaa tulifukua kaburi, sisi watatu, maana watatu si mkutano. Mgomba ulikuwa umekwisha, hakuna hata uzi wake. Lakini sanda ilikuwepo, imekaa umbo la mtu, kifua kimeinuka, ndani hamna kitu. Mchwa wa kwetu wanakula mpaka milango. Ile nguo hawakuigusa. Mama Zuhura alirudi nyuma. Mjomba akainama akaikung'uta mchanga, akajitanda begani. "Nimevishwa mimi," akasema. "Ni yangu."

Ndivyo alivyoingia barazani. Watu waligawanyika kumpisha kama maji. Liwali alipoiona ile nguo rangi ilimtoka, lakini alikuwa mjanja, akamwambia Bwana Shauri: huyu kwao ni marehemu, wamemlilia, jina lake analo mtu mwingine, hawezi kumsemea yeyote. Waulize wenyewe.

Mkalimani akauliza. Uwanja wote ukanigeukia.

Nikasimama. "Jina nilikuwa nimemshikia," nikasema. "Mwenyewe amerudi, nimemrudishia." Nikakaa chini, ardhini, kwa sababu kiti kilikuwa chake.

Mama Zuhura akavua kaniki mbele za watu, ndani amevaa khanga nyekundu. "Baba Zuhura!" akaita. "Hebu kohoa wakusikie."

Mjomba akakohoa. Na watu wakacheka, uwanja mzima, kicheko cha watu walioogopa siku nyingi. Ndipo akasema, mbele ya mkusanyiko, na aliyemkataza amekaa pale pale anamsikiliza. Walivutana mpaka jua likakaa utosini. Bwana Shauri alitaka boma liendelee kuletewa maji mpaka lori lipatikane. Mjomba akasema, "Lori likichelewa, bwana mkubwa achukue ndoo. Njia tutamwonyesha, ni nzuri, ina upepo." Mwishowe ikawa hivi: boma litafuata maji yake kwa lori na mapipa, maji ya wagonjwa yatabebwa kwa zamu ya wanawake wenyewe. Na wale wa Mkunya walitoka siku ile ile, wakarudi kwao wanaimba.

Kaburi lilibaki wazi. Hakuna aliyethubutu kulifukia, na mvua hazikulifukia. Bendera ilibadilishwa, Mjomba akazeeka, na alipokufa kweli alikuwa ameshaagiza asichimbiwe jingine. Tulimlaza humo, na sanda ile ile. Safari hii nilimshika mwenyewe, nikamwona. Ndipo nikalipokea jina mara ya pili. Ndilo unaloniitia.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Mwenzako akifungwa, usimzike kwa maneno ya aliyemfunga. Nenda ukaulize, ukaone kwa macho. Kiti chake kikalie kwa upande, ili akirudi usione uchungu kuinuka. Siku ya kupatana na mkubwa, jua kwanza kipi huwezi kutoa, na kipi utakitoa kwa moyo wako mwenyewe, na usitoe wala kunyima kwa hasira. Na neno la watu ukipewa ulipeleke, lipeleke lilivyo, hata likikuvua jina.

Ile njia ya bondeni imeota majani siku hizi. Watu wanasema ukungu ukishuka sauti bado zinapanda. Sisemi ni kweli wala sisemi ni uongo. Nasema nikipita pale nikasikia jina langu, naitika.

Haya, kabla hujaondoka, inama nikupake unga wa baraka kwenye paji la uso. Mungu na wazee waliolala wakutangulie, mwanangu. Njia yako iwe nyeupe, maji yako yawe karibu, na popote utakapopelekwa, ukirudi ukute mtu wa kukuita kwa jina.