Kabati Lisilo na Milango

Kabati la shangazi yangu halina milango, lina pazia tu. Yeye ni fundi wa mapazia, kwa hiyo wageni hudhani pazia lile ni tangazo la biashara, naye huwaacha wadhani hivyo. Milango aliing'oa mwenyewe siku aliyohamia. Alipokuwa mtoto mdogo, vita vilipoingia mtaani kwao, mama yake alimtia kabatini akamwambia wanacheza mchezo wa kujificha, atulie mpaka amfuate. Mama hakurudi. Jirani ndiye aliyemtoa, wakakimbia.

Mimi naandika na kuchora vitabu vya watoto. Shangazi alinipa kisa chake kwa sharti moja, nisitie chumvi. Sasa mhariri wangu, mtu mwema tu, akataka mama arudi ukurasa wa mwisho. La sivyo, alisema, nitafute mwisho ambao hautamwacha mtoto akilia.

Nilimpelekea shangazi mfano wa kitabu nilioushona kwa mkono. Alicheka kwanza mishono yangu, ndipo akatazama picha. Nilipomweleza maneno ya mhariri nilitegemea moto, lakini aliendelea kukunja pindo la pazia la mteja.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema mwishowe. "Mama hakurudi, usimrudishe. Ila huyo mhariri wako si mjinga. Mtoto akifunga kitabu, asiachwe mle kabatini."

Nikamuuliza jirani alimwambia nini alipofungua mlango. Akajibu kwamba hakusema kitu, angesema nini na risasi zile?

"Mpaka leo hakuna aliyeniambia ameniona," akasema.

Alichukua kipande cha kitambaa cha njano, akakishona ukingo wa juu tu, juu ya kabati nililochora ukurasa wa mwisho. Kisha akamwita mjukuu wake, aliyekuwa akichezea vifungo sakafuni, akaniambia nimsomee.

Nilipofika mahali mama harudi, mtoto alikunja uso, midomo ikaanza kutetemeka. Nikajua kitabu kimekufa. Halafu akaliona pazia. Akalifunua taratibu, akamkuta msichana niliyemchora amejikunyata, magoti kidevuni.

"Nimekuona," akamwambia. "Toka, mchezo umeisha."

Shangazi alicheka, kisha akalia, akajifuta kwa pazia la mteja.